Marehemu Anaoga

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita ulilifungia viatu kabla hujalisoma, nakuvuta haraka haraka, maana mhariri kanionya nisirudie mambo.

Mke wangu amefariki, huu ni mwezi wa nane. Nyumba tuliyojenga kwa mkopo wa benki iko kwa jina lake, na mkopo uko kwa jina lake, kwa sababu yeye alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka na alikuwa na hati ya mshahara. Mimi ni fundi sofa. Nina nyundo. Benki haikopeshi mwenye nyundo.

Nimelipa nilivyoweza mpaka nikashindwa. Wiki iliyopita niliwaachia pale dalali alipobandika karatasi kwenye geti langu: nyumba hii itapigwa mnada Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, wote mnakaribishwa.

Wote mnakaribishwa! Utadhani harusi.

Basi dalali kaondoka na ndoo yake, mimi nimebaki na kisu changu cha kukatia sponji, nakwangua. Karatasi haitoki. Nimeshika gundi miaka thelathini, lakini gundi ya kumtoa mtu nyumbani kwake ni daraja jingine. Wakubwa wanajua inakouzwa. Sisi mafundi wanatuuzia uji.

Nikasikia sauti nyuma yangu. Mtaa mzima uliisikia.

“Unakwangua nini wewe?”

Ni dada yangu mkubwa. Mtaani wanamwita Spika, na si kwa sababu amewahi kukaa bungeni. Akinong'ona, mbwa wa nyumba ya tatu anaamka.

“Rangi,” nikasema.

“Rangi imeandikwa mnada?”

“Dada, punguza sauti.”

“Nipunguze nini? Karatasi yenyewe iko nje, herufi kubwa kama milango! Nani hajasoma? Hata yule mwenye duka kanisimamisha, ananiuliza kama choo kiko ndani!”

Akaingia ndani kwa hasira, akajitupa kwenye sofa, upande ule wa marehemu. Sofa ikalia. Si kulia kwa springi, nazijua springi zangu. Ililia kama mtu anayekunja gazeti.

“Fundi mzima,” dada akasema, “sofa yako mwenyewe inakwaruza kama kuku kwenye majani makavu.”

“Hakuna sofa yangu inayokwaruza.”

“Hii je?” Akaruka juu ya mto. Kwara. Akaruka tena. Kwara kwara.

Sikupenda. Mtu anaweza kuniambia nimekuwa mlevi, nimekuwa mbishi, nimekonda. Asiniambie sofa yangu inapiga kelele. Nikamwondoa, nikauchukua mto, nikafungua zipu. Ndani, kati ya sponji na kitambaa, kulikuwa na bahasha ya kaki.

Mke wangu alikuwa mtu wa mizani. Kila kitu alikiweka mahali pake na mahali penyewe hakuambii. Mkataba wa mkopo niliutafuta kabatini, chini ya godoro, ndani ya sanduku la nguo, kumbe kaufungia zipu ndani ya mto niliomshonea mimi mwenyewe. Miezi minane nimeukalia. Nimekula juu yake. Nimelilia juu yake.

Dada akavaa miwani. Mimi kusoma nasoma, lakini kwa kidole, na herufi zile zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Alisoma ukurasa wa kwanza kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wetu. Ukurasa wa pili akaanza kuguna. Wa sita akasimama.

“Sikiliza. 'Iwapo mkopaji atafariki kabla ya kumaliza deni, kampuni ya bima italipa salio lote, na nyumba itabaki mali ya warithi bila deni lolote.'”

“Rudia.”

Akarudia.

“Rudia tena, polepole, kama unamsomea mjinga.”

“Si ndicho ninachofanya!”

Nilikaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Hesabu nilizijua: kila mwezi kwenye mshahara wake walikata kidogo, wakaandika bima, na kila mwezi aliniambia, “Hawa wananikata kitu sikijui.” Alikuwa anakatwa kifo chake. Alishakilipia, mpaka chenji.

“Kwa hiyo hatudaiwi?” nikauliza.

“Hatudaiwi!”

“Tangu lini?”

“Tangu wifi yangu afumbe macho!”

Ndugu msomaji, nilicheza. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mjane, mwenye mgongo mbovu, nilicheza sebuleni bila muziki. Dada alikuwa anapiga makofi na mkataba kaushika kwa meno. Nikampigia simu binti yetu mkubwa kule chuoni, nikamwambia asitafute chumba cha kupanga, mdogo wake asifungashe vitabu. Akauliza, “Baba, umekunywa?” Nikamwambia sijanywa, nimesomewa.

Kisha hasira ikaja juu ya furaha, vikachanganyika. Wakubwa wa benki walilijua hili. Wameajiriwa walijue. Miezi minane nimeuza cherehani ya pili, nimeuza roli nzima ya velveti, nimeuza hata baiskeli, na hakuna mmoja aliyefungua mdomo kuniambia, mzee, acha kulipa, mke wako alishamaliza.

“Kesho tunakwenda benki,” dada akasema. “Navaa lile gauni la njano.”

Hapo ndipo nilipoacha kucheza.

Kwa sababu kuna jambo nimewaficha wiki zote hizi, wewe na wenzako mnaonisoma. Leo nalitoa.

Wiki ya pili baada ya mazishi simu ya marehemu iliita. Binti wa benki, sauti laini kama losheni.

“Naomba kuongea na mwenye mkopo.”

“Mimi ni mume wake.”

“Samahani, tunaongea na mwenye mkopo tu. Ndiyo utaratibu.”

“Anaoga,” nikasema.

Sijui lilitoka wapi. Lile neno jingine, amefariki, halikutoka, hilo tu ndilo ninalolijua. Kandambili zake zilikuwa bado mlangoni mwa bafu, zimeangalia nje, kama mtu ametoka sasa hivi. Na halafu kinyozi wangu alikuwa amenitisha: “Mwenye mkopo akifa, benki inachukua nyumba siku hiyo hiyo.” Kinyozi! Mtu anayeshindwa kulinganisha ndevu zangu pande mbili, nikampa nyumba yangu aishauri.

Wiki iliyofuata, simu tena. “Anaoga.” Wiki ya tatu, anaoga. Ya nne binti akaniuliza:

“Mzee, mke wako anaoga kila Jumatatu saa tano?”

“Ni msafi sana.”

Na nitakwambia jambo utalicheka au usilicheke, shauri yako. Kwa zile dakika mbili za simu, nilikuwa kama nasikia maji.

Lakini huwezi kumwogesha marehemu mwezi mzima. Wakasema wasipoongea naye mwenyewe wanaleta dalali. Wao ndio walioweka masharti kwamba mume si mtu, awe mwenye mkopo au asiwepo yeyote. Wametaka mwenye mkopo, nikawapa mwenye mkopo. Nilimwita dada, nikampa simu, nikamwambia, “Leo wewe ni wifi yako.”

Wazo lilikuwa langu. Nakiri. Sauti ilikuwa yake. Aliongea nao mara tatu.

“Wewe hukufikiria hilo?” nikamwambia dada pale sebuleni. “Tutasema nini kesho? Amekufa miezi minane na aliongea nao miezi mitano iliyopita?”

Dada akafikiri. Kisha akasema, “Tutasema alifariki. Wakiuliza la simu, mimi nakaa kimya.”

Tulipotazamana, sote wawili tulijua hilo haliwezekani.

Benki ile sikuwahi kuikanyaga. Kulipa nililipa kwa wakala pale kona. Kwa hiyo niliingia kama mgeni, cheti cha kifo mkononi, mkataba kwapani, dada pembeni na gauni la njano linaloonekana toka angani. Tukakaa kusubiri. Nikabonyeza kiti kwa kidole.

“Sponji ya inchi moja,” nikamwambia dada. “Na wameizungushia ngozi ya bandia. Watu wanaoweka pesa za nchi nzima, makalio ya wateja wameyawekea inchi moja.”

“Ndiyo maana foleni inakwenda haraka,” dada akasema, na kina mama watatu mbele yetu wakacheka.

Tukaitwa meza ya mikopo. Kijana kakaa pale, uso umepakwa mafuta, tai nyekundu kama taa ya kusimamisha magari. Jina lake lilikuwa kifuani, lakini mimi nilimwita Tai na sijaacha.

Nikaweka cheti. Nikaweka mkataba, ukurasa wa sita juu. Nikasema maneno niliyofanya mazoezi usiku kucha: “Mke wangu amefariki. Bima ilipe. Dalali akabandue karatasi yake kwenye geti langu, na gundi ni yenu, mje na maji ya moto.”

Tai akakiangalia cheti bila kukigusa. Akaangalia kompyuta. Akatabasamu.

“Mzee, pole. Lakini mkeo hajafa.”

“Nini?”

“Kwetu sisi yuko hai. Tena anaongea vizuri tu.” Akasogeza kompyuta. “Simu zote za wateja tunazirekodi. Sikilizeni.”

Akabonyeza. Na pale, ndugu yangu, katikati ya benki, mbele ya kaunta sita, ikatoka sauti ya Spika.

“Ndiyo mimi mwenyewe! Nimetoka kuoga!”

Dada akatazama dari.

Sauti ya kijana kwenye rekodi, na ilikuwa sauti hii hii ya Tai, ikauliza: “Mama, marejesho yako ya miezi miwili hayajaingia.”

“Yataingia! Kwani mimi nimekimbia? Wewe kijana una mke? Huna? Ndiyo maana una haraka. Nitafutie mwezi mmoja, nitakutafutia mke!”

Wale kina mama watatu wa foleni walikuwa wamegeuka wote. Mmoja kashika tumbo. Na rekodi inaendelea, dada anaahidi, dada anatukana, dada anauliza kama kiyoyozi cha benki ndicho kinacholipiwa na riba yake. Sikujua aliongea yote yale. Nilimwambia aombe wiki mbili, basi.

Tai akazima. Akainamia meza, akashusha sauti.

“Hiyo ni miezi mitatu baada ya tarehe ya cheti chako. Kwa hiyo ama cheti ni cha kununua, ama kuna mtu alijifanya mteja wetu. Yote mawili ni polisi.” Akafungua droo, akatoa karatasi. “Lakini mimi si mtu mbaya. Saini hapa kwamba unakubali nyumba iuzwe bila ubishi. Mimi nafuta rekodi. Hakuna polisi, hakuna aibu. Mnakwenda nyumbani.”

“Nyumbani wapi?” nikauliza. “Si umeshaiuza?”

“Mzee, fikiria binti zako. Baba akiwa jela watakaa na nani?”

Alijuaje nina mabinti, sikujiuliza. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nakwambia kweli, nilikuwa nimeinama. Watu wa juu wanajua namna ya kukuuzia aibu yako mwenyewe, na bei wanapanga wao. Nilikuwa nimeandika herufi ya kwanza ya jina langu.

Dada alikuwa kimya. Aliahidi kukaa kimya na alikuwa anakaa, mishipa ya shingo imemtoka, machozi yanamlenga kwa juhudi. Angeshinda. Naamini angeshinda, kama Tai angeishia hapo. Lakini Tai akaongeza:

“Na huyo bibi kizee mlevi aliyejifanya mkeo, mwambie asirudie.”

Mlevi, dada angesamehe.

“BIBI KIZEE NANI?”

Kalamu ikaniruka. Keshia wa kaunta ya tatu akadondosha furushi la noti. Mlinzi wa mlangoni alishika rungu, akaliachia, akalishika tena.

“Bibi kizee nani? Huyo ni mimi! Sikiliza vizuri sauti hiyo, ina uzee gani? Mimi ndiye! Wifi yangu amekufa, tumemzika, na mimi ndiye niliyeongea na wewe mara tatu, na ya tatu ukaniambia nina sauti nzuri! Ukaniambia au hukuniambia?”

“Mama, tafadhali...”

“Ukaniuliza navaa rangi gani!”

Foleni yote ikasema, “Eeeeh!” Watu waliacha namba zao. Mzee mmoja mwenye mkongojo alikuwa amebakiza mtu mmoja afike kaunta, akaacha nafasi, akaja kusikiliza.

Mlango wa kioo ukafunguka. Akatoka mwanamke wa makamo, miwani kichwani, viatu vya chini. Watu wakampisha. Meneja.

“Kuna nini hapa?”

“Mwizi wa utambulisho, bosi,” Tai akasema haraka. “Amekiri mwenyewe. Alijifanya mteja aliye hai.”

“Aliye hai!” dada akapiga meza. “Mama Meneja, huyu anasema wifi yangu yuko hai! Kama yuko hai mniletee, nimemmiss!”

Meneja akachukua cheti, akakisoma mbele na nyuma. Akanitazama mimi. “Una kitu kingine, baba? Cheti peke yake, kwa mambo yalivyo siku hizi...”

Sikuwa na kitu. Lakini dada alikuwa na simu. Dada hajawahi kwenda mahali bila kujipiga picha, na msiba wa wifi yake ulikuwa mahali. Akaanza kupitisha picha kwa kidole: dada na kofia nyeusi, dada na miwani myeusi, dada analia, dada analia upande wa pili kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri zaidi. Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nimeangalia viatu. Siku ile niliona watu kama wamo ndani ya chupa. Sikumbuki nani alikuja.

“Hii hapa, kaburi lile. Hii mimi na maua. Hii...”

“Rudi,” Meneja akasema.

Dada akarudi. Meneja akaichukua simu, akashusha miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili. Dada katikati, ameshika shada kubwa la maua meupe. Upande wa kushoto, mtu aliyelileta, ameshika ncha ya utepe ili maandishi yaonekane.

Meneja akasoma kwa sauti, pole pole: “'Kwa mteja wetu mpendwa. Benki yako daima.'”

Kisha akamtazama mtu yule kwenye picha. Kisha akamtazama Tai. Ilikuwa tai ile ile.

Nisikudanganye, sijawahi kufurahi hivyo tangu mtoto wangu wa kwanza azaliwe. Benki ilikuja mazikoni! Benki ilileta maua! Inasema mke wangu yuko hai na imemwekea shada juu ya kaburi! Foleni ililipuka. Watu walipiga makofi, yule mzee alipiga mkongojo chini, mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia na kapu lake. Dada alipita kila mtu na simu yake: “Mtazame, mtazame, hata viatu kapaka kiwi!” Keshia wa kaunta ya tatu, aliyekuwa bado anaokota noti, aliomba aone naye.

“Alijua,” nikamwambia Meneja. Sauti ilinitoka kubwa kuliko ya dada. “Alijua toka siku ya kwanza! Anampigia simu marehemu na maua kaleta mwenyewe! Ninyi mlio juu mmekaa humu na kiyoyozi, mimi nimeuza cherehani yangu!”

“Baba,” Meneja akasema, na sauti yake ilikuwa ya heshima kweli, “cherehani nitakuomba radhi baadaye. Kwanza nyumba. Kama benki ilijua, bima inatakiwa ilipe, na mnada unasimama. Naangalia sasa hivi mbele yako.”

Akakaa kwenye kiti cha Tai mwenyewe. Akaandika namba ya mkopo. Dada akanibana mkono, anarukaruka kama msichana. Nikaanza kupanga kichwani: nikirudi nyumbani napita kwa kinyozi, namnyoa mimi.

Meneja akaacha kuandika.

Akasogea karibu na kompyuta. Akainuka, akaenda kwenye kabati la chuma, akavuta droo, akapekua, akarudi na jalada jembamba. Alikuwa amebadilika uso.

“Bima ililipa,” akasema.

“Si ndiyo!” dada akapiga kelele. “Imelipa!”

“Ililipa zamani. Mwezi mmoja baada ya msiba. Kwa kawaida pesa zinaingia kwenye mkopo moja kwa moja. Hizi ziliombwa zitolewe kwa mrithi, taslimu.” Akafungua jalada. “Na zilichukuliwa zote. Mkopo ukabaki kama ulivyo.”

“Zilichukuliwa na nani?” nikauliza.

Akanigeuzia karatasi. Ilikuwa imechapwa vizuri. Jina langu lote, hata la babu. Mimi, mume na mrithi wa marehemu, nimepokea. Chini, mahali pa saini, pana alama ya dole gumba, ya bluu.

“Uongo!” dada akasema. “Huyu hata kununua soksi hajanunua!”

Nikageuka kumtafuta Tai. Hakuwepo. Mlinzi akasema amepita sasa hivi, amesema anakwenda kumletea Meneja maji.

Hakuna aliyemfuata. Macho ya wote yalikuwa kwangu. Meneja alikuwa amefungua kisanduku kidogo cha wino na kukisukuma mezani mpaka mbele ya tumbo langu, na kando yake karatasi nyeupe.

“Mzee, tusizunguke. Kama dole hili si lako, umeibiwa na mtu wangu. Nyumba ni yako leo hii, na huyo dalali namwita mbele yenu. Kama ni lako, basi pesa ulipokea, nyumba inakwenda Jumamosi, na mengine si ya benki tena. Weka dole hapa, tulinganishe.”

“Weka!” dada akasema, anacheka. “Weka, mdogo wangu! Weka hata yote mawili!”

“Weka!” akasema mama wa kapu. “Weka, baba, tumalize!” Na foleni nzima ikaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja, weka, weka, weka, kama watu wanaomsukuma bwana harusi acheze.

Mimi nilikuwa naitazama ile alama kwenye karatasi. Katikati yake, toka juu mpaka chini, palikuwa na mstari mweupe, umepinda kama mundu. Springi ilinikata dole pale pale, mwaka niliomaliza ufundi, na kovu halikuwahi kufutika.

Na kile nisichokumbuka cha siku ile kikaja chenyewe, kitu kimoja tu, wazi kabisa: kijana mwenye tai nyekundu ameinama karibu na kiti changu cha plastiki, ana karatasi tupu na kidau cha wino, ananong'ona kwa upole, “Mzee, bonyeza hapa, ni ya kupokea maua. Usijisumbue kuandika, mkono unatetemeka. Dole linatosha.”

“Dada,” nikasema, “subiri.”

“Nisubiri nini? Waone! Waaibike!”

Alikuwa ameshanikamata mkono kwa mikono yake miwili, kwa furaha yake yote, ananivuta mbele. Dada yangu ana nguvu. Watu wanapiga makofi. Nikakunja ngumi, akanikunjua kidole kimoja kimoja, anacheka machozi yanamtoka, mpaka nikahisi wino chini ya dole langu, wa baridi.